Corolla DX (4K) inapiga kelele za tapeti: naweza kuiwekea lifta za haidroliki za 5K?

MjukuuWaDX:
Wakuu salaam. Nina Corolla DX, KE70, niliyoachiwa na babu. Injini ni 4K ya kabureta, ile ya cc 1290. Inavuta vizuri, haili oili, haitoi moshi, na siuzi, kwa hiyo wale wa "uza ununue IST" mtanisamehe.

Tatizo ni kelele za tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na kemshafti (shafti yenye pua za kufungulia valvu). Asubuhi nikiwasha imetulia, ikishika moto inaanza tek-tek-tek mpaka jirani anajua nimefika kabla sijapiga honi ya geti. Fundi ameset, inapungua, kelele inabaki. Ameset tena, vilevile. Sasa ananiambia dawa ni kuachana na tapeti za kuset: kuna injini ya 5K ya TownAce imeshushwa gereji ya jirani yake, achukue lifta zake nane za haidroliki, azitumbukize kwenye 4K yangu, "hutashika fila geji (kibati cha kupimia nafasi ya tapeti) tena mpaka uzeeke". Eti ni kazi ya siku moja.

Naomba wenye ujuzi mniambie kama hilo linawezekana au naenda kuua injini ya marehemu.

SitiYaNyuma:
Ngoja waje wajuzi. Mimi nimeshika nafasi.

Fundi_Gerezani:
Mkuu, ukiuliza kama 4K inaweza kutembea na lifta za haidroliki, jibu ni ndiyo. Hata Toyota wenyewe walifanya: familia ya K ilianza na tapeti za kuset, baadaye wakaleta K za haidroliki, na 5K nyingi za TownAce na LiteAce ni hizo. Kuzitofautisha ni rahisi, fungua tapeti kava tu. Roka (mikono inayokanyaga valvu) zikiwa na skrubu na nati ya kufungia, hiyo ni ya kuset. Zikiwa hazina skrubu, ni haidroliki.

Ila kutumbukiza lifta nane kwenye injini iliyozaliwa na tapeti za kawaida, hapo fundi wako anarahisisha mno. Nieleze kwa nini.

Lifta ya haidroliki ni kama bomba la sindano lililofungwa mbele. Ndani kuna pistoni ndogo, springi chini yake, na kigololo kinachoruhusu oili iingie isirudi. Valvu ikiwa imefungwa, springi inasukuma pistoni juu mpaka nafasi yote kati ya kemshafti na valvu inaisha, na oili inajaza pengo chini yake. Kem ikipanda, kigololo kinafunga, oili haina pa kwenda na haibonyei, lifta inakuwa kama chuma kitupu na kuinua pushirodi, ile fito inayosukuma roka. Kila mzunguko inavuja kidogo sana pembeni ya pistoni, halafu inajazwa tena. Ndiyo maana haina kelele na haihitaji kuset.

Sasa hesabu vitu ambavyo lifta hiyo inavihitaji. Kwanza oili yenye presha lazima ifike kwenye tundu la kila lifta. Tapeti ya kawaida inaridhika na oili ya kurukiwa, lifta ya haidroliki hairidhiki. Bloku yako ikiwa haina kitundu cha oili ndani ya yale matundu nane, itabidi utoboe chuma cha kutupwa umbali mrefu, kwa pembe, katikati ya njia za maji na za oili. Sijaona mtu mwenye akili zake akifanya hivyo kwenye gari ya kutembelea.

Pili ni kemshafti, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kem ya tapeti za kawaida imechongwa na ngazi ndogo mwanzo na mwisho wa kila pua, kazi yake ni kuimeza ile nafasi ya milimita 0.20 au 0.30 taratibu kabla valvu haijanyanyuka, na kuishusha taratibu inapofunga. Ukiweka lifta ya haidroliki, nafasi hiyo haipo, kwa hiyo ngazi yote inageuka kuwa muda wa valvu kuwa wazi. Valvu inafunguka mapema, inachelewa kufunga, ya kuingizia na ya kutolea zinakutana wazi kwa muda mrefu zaidi. Slo (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inakuwa mbovu, gari inatetemeka kwenye foleni, na fundi anaanza kulaumu kabureta.

Tatu, pushirodi na roka. Lifta hizo hazina urefu wa tapeti zako, kwa hiyo usitegemee pushirodi zako zikae sawasawa. Pistoni ya ndani inatakiwa ikae katikati ya mwendo wake, si juu kabisa wala chini kabisa. Ikifika chini kabisa valvu haifungi, inaungua.

Kwa hiyo ukitaka haidroliki, chukua mfumo mzima ulivyotoka kiwandani. Usichukue lifta peke yake.

SitiYaNyuma:
Hapo kwenye slo kutetemeka umenigusa. Kuna gari naijua ilifanyiwa hivyo na mpaka leo inabadilishiwa kabureta.

MzeeWaPeugeot:
Vijana mnaiona haidroliki kama jambo geni. Cadillac V16 ya 1930 ilikuwa nayo. Range Rover zilitoka 1970 na V8 ya Rover yenye lifta za haidroliki, na hiyo V8 asili yake ni Buick ya Marekani. Na nyie wa Hiace zenye injini za 2Y na 3Y mmetembelea haidroliki miaka yote bila kujua, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuwaambia mkaset tapeti.

Mimi Peugeot 504 yangu naset mwenyewe Jumapili, redio pembeni. Sioni shida iko wapi.

MjukuuWaDX:
@Fundi_Gerezani shukrani mkuu, nimeelewa. Lakini nikitoa kem ya 5K pamoja na lifta zake, pushirodi na roka zake, nikaziweka zote kwenye bloku yangu, si inakuwa mfumo mzima?

Fundi_Gerezani:
Umebakiza bloku, na bloku ndiyo yenye njia za oili. Ukishafika hapo si bora uinue 5K yote tu?

Grogan_K:
Wazee, hiyo ndiyo jibu. Huku Nairobi kutoa 4K kwa DX na kuweka 5K ni kazi ya kawaida kabisa, watu wa Kirinyaga Road wanaifanya wakipiga stori. Zote ni K, 5K ina mwendo ule ule wa pistoni wa milimita 73 kama 4K yako, ila silinda ni pana: 80.5 badala ya 75. Ndiyo unapata cc 1486. Giaboksi yako inabaki.

Mambo ya kuangalia ukinunua ya van: kule injini inakaa chini ya viti, kwa hiyo karteri (bakuli la oili la chini) na bomba la kunyonyea oili si za Corolla. Hamisha za 4K yako. Angalia pia mikono ya injini na manifodi. Usikubali makanika akufungie karteri ya van halafu aanze kukata krosmemba (chuma kinachokatiza chini ya injini), hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Na usiinunue kwa kusikiliza tu. Toa tapeti kava. Ukikuta tope jeusi kama lami juu ya roka, achana nayo, lifta zitakuwa zimekwama. Haidroliki inataka oili safi kuliko kitu kingine. Mwenye gari aliyeruka servisi hukuachia lifta zinazolia kuliko hata tapeti zako za sasa.

Baharia_Mstaafu:
Naomba niwachekeshe kidogo. Kwa miaka nilikuwa natia nanga Indonesia. Kule Toyota Kijang ni kama Hiace kwetu, na nyingi ni hizo hizo 5K, za baadaye 7K ya cc 1781. Zilitoka kiwandani na lifta za haidroliki. Unajua mafundi wa kule wanafanya nini? Wanazitoa! Wanaweka tapeti za kawaida na roka zenye skrubu za kuset. Biashara kabisa, maduka yanauza seti nzima.

Nikamuuliza fundi mmoja kwa nini, akasema lifta zikizeeka zinalia, mpya na nzuri ni ghali, na mteja anataka kitu ambacho fundi yeyote wa kando ya barabara anaweza kukirekebisha kwa spana na bisibisi. Kwa hiyo wewe unatamani walichonacho, wao wanatamani ulichonacho.

DerevaWaTanga:
😂😂 Baharia umemaliza. Sasa hao wanaotoa haidroliki na kubaki na kem yake, hawapati kelele?

Fundi_Gerezani:
Wanapata, wasipokuwa waangalifu. Kem ya haidroliki ngazi zake ni fupi kwa sababu haitegemei nafasi yoyote. Ukiset tapeti ya kawaida juu yake kwa nafasi kubwa, roka inapigwa badala ya kusukumwa. Wajanja wanabana nafasi iwe ndogo, au wanabadilisha na kem.

BibiSpana:
Samahanini nimechelewa, nilikuwa chini ya gari.

Uzi mzima mmejadili dawa kabla ya kupima mgonjwa. MjukuuWaDX, 4K iliyosetiwa sawasawa haipigi kelele hiyo. Ina kamlio, ndiyo, lakini si kelele ya kumwamsha jirani. Na inayorudi kila baada ya kuset ina sababu, ambayo hata ukiweka 5K hutakuwa umeijua.

Umesema asubuhi imetulia, ikipata moto inalia. Hedi ya K ni aluminiamu, bloku ni chuma, pushirodi ni chuma. Aluminiamu inatanuka zaidi, hedi inainuka na roka zake, nafasi inaongezeka injini ikiwa ya moto. Ndiyo maana vipimo vya hii injini ni vya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingizia, 0.30 kwa za kutolea. Wanaotumia thao (sehemu za elfu za inchi) ni 8 na 12. Muulize fundi wako anaset injini ikiwa ya moto au imelala usiku kucha. Nina wasiwasi na jibu.

Kuset kwenyewe: pasha injini mpaka ifike joto lake la kawaida, zima, fungua kava haraka. Peleka pistoni namba moja juu kabisa ikiwa kwenye kompresheni. Hapo set za kuingizia 1 na 2, za kutolea 1 na 3. Zungusha kranki mzunguko mmoja kamili, set za kuingizia 3 na 4, za kutolea 2 na 4. Ukishakaza nati pima tena, kwa sababu skrubu huwa inafuata nati. Fila inatakiwa ipite ikiwa inashikwa kidogo. Ikiteleza kama kwenye siagi, rudia.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka. Kabla hujaset, legeza skrubu, inua roka, pitisha ukucha kwenye ile sehemu inayokanyaga valvu. Injini ya umri huo mara nyingi utakuta kifereji, upana wake ni ule wa ncha ya shina la valvu. Fila geji ni bapa, inapita juu ya kingo za kifereji kama daraja, haiingii ndani. Kama kifereji kina kina cha 0.10, wewe umeset 0.20 kwa geji lakini nafasi ya kweli ni 0.30. Utaset mpaka kesho, kelele iko pale pale. Fundi akikasirika na kubana zaidi ili inyamaze, hapo ndipo hatari inapoanzia.

Na hili naomba mlishike, maana kila mtu anaogopa kelele: tapeti inayolia haikuunguzii valvu. Inayokaa kimya kabisa kwenye injini ya kuset ndiyo ya kutazama. Siti ya valvu (pale valvu inapokaa ikifunga) ikiliwa, valvu inapanda ndani ya hedi na nafasi inapungua kimya kimya, mpaka siku valvu haifungi, moto unapita pembeni, kompresheni inakwisha. Hapo ndipo nawapa haidroliki heshima yao, kwa sababu lifta inajirekebisha pande zote mbili.

Cha mwisho, pima kama pua za kem zimelika. Kama una dayo geji (kipimo cha mshale) iweke juu ya kila roka upande wa pushirodi, zungusha kwa mkono, linganisha za kuingizia zenyewe kwa zenyewe na za kutolea vivyo hivyo. Ikiwepo moja inayopanda kidogo kuliko wenzake, kem imeisha na mjadala unabadilika.

Fundi_Gerezani:
Dada BibiSpana nakubali kwa asilimia zote, ila naongeza kwa atakayeishia kwenye haidroliki. Huku kwetu hedi zinachongwa sana kila injini ikichemka. Kwenye injini ya kuset ukichonga hedi unarekebisha kwa skrubu, yameisha. Kwenye K ya haidroliki hakuna skrubu. Ukichonga hedi, roka zinashuka karibu na lifta, pushirodi zinazidi urefu, pistoni ya lifta inasukumwa chini. Nimepokea injini "imefanyiwa ovaholi" inawaka kwa taabu, kompresheni hakuna, ringi mpya, kumbe valvu zinashikiliwa wazi. Kwa hiyo 5K mkuu ukiinunua uliza hedi imechongwa mara ngapi.

DerevaWaTanga:
Na oili je? Naambiwa lifta za haidroliki zinataka oili nyepesi.

BibiSpana:
Zinataka safi kwanza. Nyepesi inafika haraka asubuhi, nzito sana inachelewa na utasikia mlio wa sekunde chache, usiogope huo. Unaoendelea injini ikiwa ya moto ndio wa kushughulikia. Weka filta yenye valvu ya kuzuia oili kurudi chini ukizima.

Lakini kuna jambo la oili linalowahusu wote wawili, wa kuset na wa haidroliki, maana K zote zina tapeti bapa zinazosuguana na kem moja kwa moja. Oili nyepesi za kisasa za magari ya petroli, hadi 10W-30, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 ili kulinda katalisti, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Fosforasi hiyo iko kwenye ZDDP, dawa inayokinga kem na tapeti zisilane. DX haina katalisti ya kulinda, ina kem. 20W-50 ya petroli haimo kwenye kikomo hicho, na kwa joto la pwani inafaa tu.

Grogan_K:
Na ukiweka kem mpya usiweke tapeti za zamani. Kila tapeti imeshazoeana na pua yake, uso wake umetuna kidogo sana na pua imechongwa mshazari kidogo ili tapeti izunguke. Ukichanganya, haizunguki, inalika. Paka grisi ya kem, na ikishawaka usiiache slo, ishikilie kwenye mizunguko 2000 hivi kwa dakika kama 20. Makanika wanapenda kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, wakisikiliza. Hiyo ndiyo inaua.

MzeeWaPeugeot:
Haya ndiyo mambo. Si kila siku "nisaidieni bei ya Vitz".

MjukuuWaDX:
Wakuu mrejesho. Nimempelekea fundi mwingine, nikasimama naye. Injini ya moto, tapeti kava ikatoka, roka zikanyanyuliwa. Dada BibiSpana ni kama ulikuwepo: roka ya kutolea ya silinda ya pili na ya tatu zina kifereji unakisikia kwa ukucha, ya kuingizia namba nne nayo imeanza. Zilizobaki laini. Kem tumepima, zote zinapanda sawa.

Halafu tukagundua ya kutolea namba moja ilikuwa haipitishi fila yoyote. Imebanwa kabisa. Na hiyo ndiyo ilikuwa haina kelele!

Fundi alitaka kusaga zile zenye kifereji kwa grainda. Nimsubirishe au?

BibiSpana:
Msubirishe haraka sana. Ugumu wa roka uko juu juu tu. Ukisaga kwa mkono unaondoa gamba gumu, na usawa hutaupata. Zikisagwa zinasagwa kwa mashine yenye mwongozo, na kidogo mno. Rahisi ni kutafuta roka nzuri kwenye hedi ya 4K iliyokufa, zimejaa. Angalia na shafti ya roka upande wa chini isiwe imelika, hapo nako kelele hujificha. Na hiyo namba moja iset leo leo, kisha pima kompresheni.

MjukuuWaDX:
Kompresheni tumepima, namba moja iko chini kidogo ya wenzake lakini si vibaya, fundi anasema valvu imepona. Roka nimepata tatu kutoka hedi ya chakavu, zimefungwa, tumeset 8 na 12 ikiwa ya moto. Imetulia. Kamlio kapo, ila ka saa ya ukutani, si ka cherehani. Slo nayo imekaa vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia.

5K nimeghairi. Aliyenishauri mara ya kwanza hajafurahi, eti nimemkosesha kazi.

Kijana_LiteAce:
Mkuu hiyo 5K aliyotaka kukuuzia bado ipo? LiteAce yangu imevunja konrodi. Na je, hedi imechongwa?

MjukuuWaDX:
Ipo, nakuelekeza inbox. Ya hedi sijui, nenda na BibiSpana 😂

BibiSpana:
Nauli yake.